Wanaotuona Migongo Tu

*Maneno niliyosema kwenye mazungumzo ya wazazi na vijana hapa Tanga. Nimeyaandika upya, nikapunguza vicheko na yale ya kuulizana kama kipaza sauti kinasikika.*

Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Vijana, mambo. Na akina mama wenzangu mlioambiwa mnakuja kwenye semina ya malezi, mkafika mkakuta picha ya pedi ya PlayStation ukutani, poleni sana, lakini msiondoke.

Waandaaji waliniomba nizungumzie faida na madhara ya gemu. Nilikataa palepale kwenye simu. Faida na madhara kila mtu ana orodha yake, na sijaona mtu aliyebadili msimamo kwa kusomewa orodha ya mwenzake. Mimi nina jambo moja, na nalisema kwanza kwa tunaocheza: kama nyumbani kwenu hakuna anayeelewa unachofanya mbele ya ile skrini, mwenye deni la kueleza ni wewe. Tumezoea kununa. Tunasema "hawanielewi," tunavaa hedifoni, tunawageuzia migongo. Sasa mtu aone nini kwenye mgongo wako?

Mimi ni mhasibu, nina mume na watoto wawili, na nacheza gemu. Sisemi ile ya kubonyeza simu ukiwa kwenye foleni ya benki. Nacheza hasa, usiku watoto wakishalala, na kwenye ukoo mzima niko peke yangu. Mume wangu ni mtu wa mpira, lakini wa kuangalia. Mama yangu, ninayeishi naye, ni mtu wa tamthilia za Kituruki. Wifi zangu wanashangaa mke wa mtu anashika pedi, na kwa kuwa leo hawapo, nawastahi.

Wa rika langu mtaikumbuka ile gemu ya kaseti, kaseti ya njano iliyoandikwa ina michezo 9999, ukiwasha unakuta ni michezo michache tu inajirudia kwa majina mengine. Kulikuwa na Contra, Mario, na ile ya kupiga bata kwa bunduki ya plastiki, halafu ukikosa mbwa anatokea kwenye nyasi anakucheka. (Bunduki ile ilitegemea namna TV ya chogo inavyochora picha. Ukiichomeka kwenye hizi TV bapa haioni kitu, hata bata wakujalie wakae kimya.) Baadaye ikaja PlayStation 2, iliyotoka Japani mwaka 2000, na vibanda vya gemu vikaota Ngamiani kama uyoga. Sisi wasichana hatukuingia vibandani. Hakukuwa na kibao cha kutukataza, ila ukipita mlangoni na kuona vile viatu vya wavulana vimerundikana, ulijua hapo si pako. Nilicheza kwa mashine ya kaka yangu, siku ambazo hayupo. Hatukuwa na memori kadi ya kuhifadhi ulipofikia, kwa hiyo ukifika mbali ulikuwa na njia moja tu: kuiacha mashine inawaka usiku kucha, umefunika kile kitaa cha kijani kwa kitambaa, unaomba mama asiamke kunywa maji.

Hayo ya kuficha ndiyo yanatufikisha hapa. Mtu aliyejifunza kucheza kwa kujificha anaendelea kujificha hata akiwa na nyumba yake.

Sasa niseme kuhusu ugomvi mkubwa kuliko yote, ambao wengi wanadhani ni wa muda. Ukiutazama vizuri ni wa kusimamisha. Mama anaita, "Njoo upokee wageni!" Kijana anajibu, "Nakuja, subiri kidogo." Mama anasikia dharau. Anaita mara ya pili, mara ya tatu anachomoa waya ukutani, na nyumba nzima inalala na kinyongo.

Wazazi wangu, ziko gemu za aina mbili. Kuna ile iliyomo ndani ya mashine yenu. Hiyo unabonyeza kitufe, kila kitu kinaganda, unaenda kupokea wageni, unawaandalia chai, unarudi hata kesho. Kijana akikuambia hiyo haisimami, anakudanganya, mchape tu. (Natania. Mwenyekiti ameniangalia vibaya.) Na kuna ile ya mtandaoni. Hiyo haimo kwenye simu ya mwanao. Iko kwenye seva, yaani kompyuta iliyo nchi nyingine huko, na wachezaji wote wameunganishwa nayo kwa wakati mmoja. Mechi ya PUBG Mobile inaweza kuingiza watu 100 kwenye kisiwa kimoja, na ikakaribia nusu saa. Mwanao abonyeze nini kiwasimamishe wale 99? Mechi ya Free Fire ni fupi zaidi. Ya mpira, hii EA Sports FC ambayo mpaka mwaka 2023 tuliiita FIFA, ukicheza na mtu mtandaoni ni kama robo saa. Akitoka katikati, wenzake wa kikosi wanabaki pungufu, na zipo gemu zinazomfungia kwa muda anayetoroka mechi mara kwa mara.

Kwa hiyo "zima sasa hivi" na "hii ikiisha usianze nyingine" ni amri mbili tofauti kabisa. Ya pili inatekelezeka bila mtu kulia.

Babu yangu alikuwa mtu wa bao. Akishakaa na mwenzake barazani, kete 64 ziko kwenye mashimo 32, mchezo umeingia mtaji, hakuna mjukuu aliyethubutu kumwita. Nyanya mwenyewe alikuwa anachungulia mlangoni na kurudi ndani. Wengi wetu bao hatukulijua, hata leo ukiniambia nitakase kete nitazimwaga. Lakini tulijua linavyokwenda. Tulijua kwamba wakianza kutambiana na kucheka, limeisha, na sasa unaweza kusema umetumwa sukari. Wala hakuna aliyesema bao ni mambo ya watoto; Mwalimu Nyerere mwenyewe alilipenda. Baraza iko mbele ya nyumba, kila anayepita anaona, ndiyo maana babu hakuhitaji kueleza kitu. Gemu iko chumbani, mlango umerudishwa, sauti iko masikioni mwa mchezaji peke yake. Msiocheza mngejuaje? Vijana, nani kati yenu amewahi kumwambia mama yake, mchana, kabla ya ugomvi, "Mama, hii mechi ni dakika ishirini, ikianza siwezi kutoka, kwa hiyo kabla sijaanza nitakuuliza kama una kazi"? Naona mkono mmoja. Huyo apewe soda.

Nitawasimulia habari ya kijana mmoja wa Norwei. Anaitwa Mats Steen. Alizaliwa mwaka 1989 na ugonjwa wa misuli uitwao Duchenne, wa kurithi, unaowapata zaidi watoto wa kiume. Misuli inapungua nguvu tangu utotoni, mtoto anaishia kwenye kiti cha magurudumu, na baadaye hata pumzi inahitaji msaada. Mats alifariki Novemba 2014, ana miaka 25. Miaka yake ya mwisho aliitumia kwa sehemu kubwa ndani ya gemu iitwayo World of Warcraft, ambayo ni ulimwengu mzima, una miji na misitu, na watu wa nchi mbalimbali wanaingia humo kwa wakati mmoja, kila mtu na mhusika wake.

Wazazi wake, Robert na Trude, walimpenda na kumhudumia mpaka siku ya mwisho. Gemu hawakumnyima. Ila walichokuwa wanakiona ni kijana kwenye kiti, kaiangalia skrini, usiku, peke yake. Alipofariki, uchungu wao ulikuwa mara mbili, kwa sababu waliamini ameondoka bila kuonja urafiki, bila kupenda, bila kuwa na maana kwa mtu yeyote nje ya nyumba yao.

Mats alikuwa na blogu. Baba yake akaingia, akaandika kwamba mwanawe amefariki, akaacha anwani ya baruapepe. Zikaanza kuingia barua. Si za pole ya mstari mmoja, ni kurasa, kutoka nchi tofauti za Ulaya, na watu wanamlilia mtu anayeitwa Ibelin. Ibelin ndiye alikuwa mhusika wa Mats. Ndani ya gemu alikuwa na miguu, alikimbia, alikaa na watu akasikiliza shida zao. Kikundi chake kiliitwa Starlight, na baadhi ya wenzake walisafiri mpaka Norwei kumzika mtu ambaye hawakuwahi kumshika mkono.

Katika barua hizo kulikuwa na binti wa Uholanzi, Lisette. Wazazi wake walimnyang'anya kompyuta kwa ajili ya masomo, na Mats akawaandikia wazazi wale, mtu asiyewajua, kuwaeleza kuwa mle ndani binti yao ana marafiki, na kuwaomba watafute njia ya masomo na gemu kukaa pamoja. Kulikuwa pia na mama wa Denmark mwenye mtoto wa kiume mwenye usonji. Mtoto amejifungia kwenye gemu, mama anagonga mlango bila jibu. Mats akamshauri amfuate mwanawe hukohuko, ndani ya gemu. Akamfuata. Wakaanza kuongea na kukumbatiana humo, kwa wahusika wao.

Wenzangu wanaocheza wanaipenda sana habari hii, hasa tangu ilipotengenezewa filamu mwaka 2024. Wanawatumia wazazi wao kama ushahidi: mnaona, gemu ni nzuri! Mimi inaniuma mahali pengine. Baba alikuwa nyumba hiyohiyo. Na urafiki wote ule ulikuwa unaendelea hatua chache kutoka alipo. Wala msidhani Mats alikaa kimya. Aliwatajia wazazi wake wenzake, kwa majina. Lakini wao walisikia majina ya vikaragosi, si ya watu. "Rumour," jina la Lisette mle ndani ya gemu, ni nini? Ukiambiwa "Rumour" huoni binti wa Kiholanzi anayezuiwa na wazazi wake, unaona kitu fulani cha kwenye kompyuta.

Hapo ndipo naliongeza lile deni langu la mwanzo. Kusema peke yake hakutoshi, sema kwa namna ambayo mama ataona mtu. Ukisema "naingia na Shadow_254," hujasema kitu. Sema "nacheza na kijana wa Mombasa, anasoma ufundi umeme, jana baba yake alikuwa hospitali." Mama atakuuliza kesho yake baba yake anaendeleaje. Nakuhakikishia atauliza, hao ndio mama zetu. Na siku ukikosa cha kumjibu, yaani humjui kabisa unayeongea naye kila usiku, na anakuuliza maswali ya ajabu au anakuomba picha, hapo mama atakuwa amekuokoa bila hata kujua.

Nipite haraka kwenye mambo mawili matatu ambayo najua mtaniuliza.

Umeme. Mama yangu ana imani kwamba LUKU ya nyumba ile inamalizwa na gemu. Mimi ni mhasibu, nikapiga hesabu. Mashine yangu, PlayStation 4, ikiwa inachezwa inakula kama wati 140, TV kama 80. Pasi yetu ni wati 1200. Hata ukiipunguzia nusu kwa kuwa inawaka na kujizima yenyewe, saa moja ya kunyoosha nguo inakaribia saa tatu za gemu. Nikampelekea mama karatasi. Akaisoma yote, akavua miwani, akasema, "Sawa. Lakini nguo zinavaliwa." Nimeshindwa kupata jibu mpaka leo.

TV. Wazee walisema gemu inaua TV. Walikuwa na sababu: kwenye zile za chogo, picha iliyokaa bila kusogea muda mrefu iliweza kuacha kivuli kwenye kioo. TV nyingi za sasa hazina shida hiyo.

Pesa. Hapa niko upande wa wazazi, vijana mnisamehe. Mama akisikia mwanawe "yuko kwenye gemu" anafikiria mashine za dubwi na mikeka, na sisi tunacheka kwamba hajui tofauti. Tofauti ipo, lakini imeanza kuwa nyembamba. Gemu nyingi za simu unapakua bure, halafu zinakuuzia almasi, yaani pesa ya mle ndani, za kununulia nguo za mhusika wako. Kwenye gemu ya mpira kuna pakiti, unalipa kwanza ndipo unajua umepata mchezaji gani, wa maana au wa kutupa. Ubelgiji mwaka 2018 ilisema kununua kwa bahati nasibu namna hiyo ni kamari, na mwaka uliofuata kampuni ya EA ikaacha kuuza nchini humo zile pointi za kununulia pakiti. Kwa hiyo mama akisema "hii si kamari?" usimcheke. Anaona kitu ambacho serikali moja ya Ulaya imekiona. Na namba ya siri ya simu yake ya pesa isiwe siku ya kuzaliwa ya mtoto, tafadhali.

Uraibu. Upo, na Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini vigezo vyake vizito: mtu ashindwe kujizuia, gemu itangulie mambo mengine yote ya maisha, aendelee hata anapoona inamharibia, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Mtoto aliyecheza Jumamosi nzima hajafika huko. Aliyeacha kula na shule hana haja ya hotuba yangu, anahitaji kupelekwa kwa mtaalamu.

Halafu vijana mna silaha yenu, ya kuwatajia wazazi wachezaji wanaolipwa. Ni kweli wapo. Jirani zetu Kenya wana Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, aliyesajiliwa na timu ya nje kwa kucheza Tekken, gemu ya kupigana, huku akisomea sheria. Namheshimu mno, na nikimwona anacheza najiona nami ningeruhusiwa kuingia kibandani. Lakini silaha hiyo iwekeni chini. Mzazi atakuuliza swali moja tu, "Na wewe ni wa ngapi?" na utakuwa umeumbuka. Wengi wetu hatutalipwa hata senti. Tunacheza kwa kuwa tunapenda, na mapenzi hayo yanaelezeka bila kuyasingizia kazi.

Nitawaeleza ilivyokuwa kwangu. Nilikuwa nacheza God of War, ile ya mwaka 2018. Nikaamua siku hiyo kutovaa hedifoni na kutofunga mlango. Mama akaja na bakuli lake la kisamvu cha kuchambua, akakaa nyuma yangu, nadhani ili aninyanyase kidogo. Gemu inaanza na mwanamume anakata mti. Mke wake amefariki, na huo ni mti wa kumchomea. Mama akashtuka, "Wanachoma maiti?" Nikamwambia ni mila zao. Akanyamaza. Kazi ya mchezo mzima ni baba huyo na mtoto wake wa kiume kubeba majivu ya mama mtu mpaka kilele cha mlima mrefu kuliko yote. Baba ni mkali, hajui kuongea na mtoto. Mwanzoni kabisa wanaenda kuwinda, mtoto anajikuta ameua paa kwa mkono wake na anatetemeka. Baba ananyoosha mkono amshike begani. Mkono unafika karibu, halafu anaurudisha.

Nilikuwa nimeipita sehemu hiyo hapo awali bila kuiona. Niliona paa, niliona nitapata ngozi. Mama nyuma yangu akasema, "Rudisha. Umeona huyo baba alivyoogopa?" Nikamwambia hairudishwi. Akasema, "Baba yako alikuwa hivyohivyo kwa kaka yako." Na akanieleza jambo la baba na kaka ambalo sikuwahi kulisikia, na sitalisema hapa.

Mama hachezi mpaka leo. Nilimpa pedi akaizungusha mara moja, mhusika akagonga ukuta, akanirudishia. Sijajaribu kumshawishi tena na siwashauri mjaribu; watu wa nyumbani hawana wajibu wa kupenda tunachopenda. Lakini anajua majina. Nikifungua gemu mpya anauliza, "Hii ina hadithi au ni ya kupigana tu?" Ikiwa ya kupigana tu anaenda zake kwa Waturuki. Ikiwa na hadithi anakaa, na ananikataza kuendelea akiwa msikitini.

Nimeonyeshwa kadi ya muda, nimalizie na kazi ya nyumbani. Kijana, leo usiku mwambie mmoja wa pale nyumbani mambo manne: gemu inaitwaje, mechi moja ni muda gani na inasimamishika au la, unacheza na akina nani kwa majina ya kibinadamu, na pesa inaingilia wapi. Kama una aibu, andika WhatsApp; Mats aliwaandikia wazazi wa mwenzake, wewe waandikie wa kwako. Mzazi, ukiletewa hayo usianze na "na shule je?" Uliza swali moja la gemu kwanza, lolote, hata kama ni kwa nini huyo jamaa hajavaa shati. Shule mtaifikia.

Mwenyekiti, kipaza sauti hiki hapa. Yule mama wa kitenge cha kijani amenyoosha mkono tangu nilipotaja almasi, naomba aanze yeye.